Mzee Rangi Anakusalimu

Upepo haukupiga hodi. Ulikuja mchana kweupe, Mkunga akiwa jikoni anasuuza vyombo, ukajipenyeza chini ya mabati ya upande wa nyuma ukayabandua kama mtu anayefungua kopo. Alisikia kishindo akadhani gari limeparamia ukuta. Alipokimbilia chumbani alikuta kitanda kimejaa majani na vumbi, na pale palipokuwa na dari kuna wingu jeusi linamtazama. Baada ya muda kidogo akaja jirani wa nyuma, mtu wa maneno mengi na moyo mzuri, amebeba bati moja kichwani.

"Mama Mkunga," akasema, "nyumba yako imekuja kututembelea. Naona niirudishe kabla haijazoea."

Mkunga alicheka. Alikuwa mama wa makamo ya juu, mjane, mstaafu wa zahanati ya mtaa. Mtu aliyewahi kuzalisha mapacha gizani akiwa ameshikilia tochi kwa meno hawezi kupiga mayowe kwa sababu ya upepo. Jina lake alilopewa na wazazi lilikuwepo, lakini halikuwa na kazi. Nusu ya mtaa ilipokewa na mikono yake, na nusu nyingine iliolewa na hiyo nusu ya kwanza, kwa hiyo wote walimwita Mkunga. Akaburuta godoro hadi sebuleni, akafunga mlango wa chumba, akaendelea na vyombo vyake.

Kesho yake fundi wa paa alipanda, akagongagonga, akashuka anatikisa kichwa. Mafundi wote hutikisa kichwa, ni sehemu ya kazi yao, lakini huyu alitikisa kwa huruma. Kenchi zinazobeba mabati zimepasuka, akasema. Kurudishia mabati ya zamani ni kujidanganya, upande wote wa nyuma ufumuliwe ujengwe upya. Kisha akataja bei, na Mkunga akatafuta kiti.

"Sasa si una bima?" akauliza binti yake.

Binti huyu alikuwa wa pekee, msusi, mwenye saluni ya vioo viwili na ulimi mwepesi kuliko vidole vyake. Alikuwa amekuja na turubai la kuazima, akapanda mwenyewe kulifunga, na sasa alikuwa amesimama mlangoni na mikono miwili kiunoni.

"Mama, baba alianza kulipia bima hii sijaota meno. Alipoondoka ukaendelea wewe, mwaka nenda mwaka rudi, hata mwaka ule ulipouza cherehani. Leo upepo wenyewe umekuja mpaka kitandani, unasubiri nini? Kuta nazo ziondoke?"

"Nitaona," akasema Mkunga.

"Utaona nini zaidi? Mbingu unaiona tayari."

Bima ilitaka mtu aripoti hasara ndani ya wiki mbili, na wiki ya kwanza Mkunga aliila yote kwa visingizio. Siku moja kichwa kilimuuma. Siku nyingine viatu vilibana. Siku iliyofuata alisema bila aibu kwamba huenda ofisi imefungwa, na binti yake akamwambia kwamba ofisi ile imepakana na saluni ya rafiki yake na haijafungwa hata siku ya mafuriko. Mvua za msimu zilikuwa zinanukia. Turubai lilipiga kelele kutwa, na godoro la sebuleni lilikuwa linamuua mgongo. Mtu yeyote mwenye akili timamu angekwenda kudai haki yake, na Mkunga akili alikuwa nazo, za kutosha na za kugawa.

Tatizo lilikuwa moja tu. Kwenye ofisi ile ya bima, mume wake alikuwa bado hai.

Mumewe alikuwa mpaka rangi wa majumba, na mtaani waliitwa mtu na mkewe, Mzee Rangi na Mkunga. Alipofariki, bima ilibaki kwa jina lake, kwa kuwa nyumba ilikuwa kwa jina lake na hakuna aliyekuwa na nguvu ya kukimbizana na mambo ya mirathi. Mwaka uliofuata, siku ya kulipa ilipofika, Mkunga alivaa akaenda mwenyewe. Karani wa dirisha la pili, kijana aliyeajiriwa pale siku mumewe alipokata bima na ambaye sasa alikuwa na kipara cha heshima, alimtazama kupitia kioo akatabasamu.

"Shikamoo mama. Leo umetumwa wewe? Mzee Rangi hajambo?"

Mkunga alifungua mdomo aseme jambo linalosemwa. Badala yake akasikia sauti yake mwenyewe, imetulia kabisa: "Hajambo mwanangu. Anakusalimu."

Alitoka pale amepigwa na butwaa. Alikuwa mtu mzima, hakuwa na desturi ya uongo, na uongo mwenyewe haukuwa na faida yoyote. Lakini alipofika kwenye kona ya barabara aligundua kwamba anatembea haraka, kama mtu anayesubiriwa nyumbani. Tangu mazishi hakuwa ametembea hivyo. Alifika, akafungua mlango, na bila shaka hapakuwa na mtu, lakini ile njia nzima ilikuwa yake, hakuna wa kumnyang'anya.

Basi mwaka wa pili akaenda tena, na karani akauliza tena, na salamu moja haitoshi kwa watu wanaofahamiana. Mbona mzee haji mwenyewe? Miguu, akasema Mkunga, inamsumbua, hasa asubuhi. Mwaka uliofuata karani akamletea mzee kichupa cha dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akitumia mama yake. Mwaka mwingine Mkunga akasimulia kwamba daktari amemkataza mzee chumvi na mzee amenuna kama mtoto. Kisha mzee akaanza kufuga kuku, akawa anazungumza nao, akamtumia karani mayai. Kila mwaka karani alimpa kalenda ya kampuni, "mpelekee mzee," na Mkunga aliitundika ukutani upande wa kitanda aliokuwa akilala mumewe.

Mzee Rangi alikufa kabla ya uzee kumfikia sawasawa. Pale dirishani mkewe alikuwa anamzeesha taratibu, mwaka hadi mwaka, kwa mkono mwepesi. Alimpa mvi, alimpa ubishi, alimpa magoti mabovu, vitu vyote ambavyo mke anavingoja kwa mume wake na kuvilalamikia vikifika. Kulikuwa na mahali pamoja tu duniani ambapo mtu angeweza kumuuliza, kwa nia safi, kama mumewe ameamkaje.

Na mwenye bima akidai fidia, lazima aje mwenyewe atie sahihi. Kama hawezi kuja, mkaguzi humfuata nyumbani. Mkunga alilijua hilo vizuri. Kudai paa ilikuwa ni kwenda kumuua mumewe kwa mdomo wake.

Wiki ya pili ilipoanza, binti alifika saa za mchana, saluni ikiwa haina wateja, akanyoosha mkono.

"Nipe hizo karatasi za bima. Nakwenda mimi."

"Usikanyage pale!" akasema Mkunga, kwa sauti iliyowashtua wote wawili.

Binti akavuta kigoda akakaa. Alimjua mama yake. Mama yake hakuwa mtu wa kufoka, na aliyefoka hivyo ana kitu kinachomuuma. "Mama," akasema polepole, "kuna deni? Niambie tu. Sitasema neno."

Deni lingekuwa afadhali. Mkunga alifuta mikono kwenye kanga, akaikunja kanga, akaikunjua, kisha akasema yote. Alisema akiwa ameangalia sufuria. Alisimulia salamu ya kwanza, miguu, chumvi, kuku, mayai, kalenda. Hakuruka kitu, maana alipokwisha kuanza aliona kuficha kipande kimoja ni kujisumbua bure.

Halafu binti akaanza kutikisika mabega, na Mkunga akadhani analia, kumbe anacheka.

"Baba anazungumza na kuku?"

"Anagombana nao, hasa."

"Baba huyu huyu aliyekuwa anaogopa hata jogoo wa jirani?"

"Watu hubadilika wakizeeka," akasema Mkunga, naye akashindwa kujizuia. Wakacheka mpaka wakashikana mikono. Kisha kicheko cha binti kikapungua, akauliza kwa sauti ndogo ambayo Mkunga hakuwa ameisikia tangu mtoto huyo alipokuwa anaogopa giza.

"Na mimi ananisemaje?"

Mkunga alimtazama. Saluni ya mwanawe ilifunguliwa miaka mitatu baada ya msiba. Siku ya ufunguzi kiti cha mbele kilibaki wazi, na hakuna aliyethubutu kukikalia.

"Anasema umekonda kwa kazi," akasema. "Alikuja kwenye ufunguzi wa saluni. Alivaa shati lake la bluu. Nilimwambia karani kwamba mzee alisifia kila kitu, ila alisema waliopaka ukuta waliulipua tu, kazi ya harakaharaka."

Binti akafunika uso kwa viganja. "Kweli waliulipua," akasema ndani ya viganja. "Kweli kabisa, mama. Angeona tu akiingia."

Alipoondoa mikono macho yalikuwa mekundu, lakini uso ulikuwa umekata shauri. "Basi usiende. Mwache baba pale alipo. Nitauza mashine ya kukaushia nywele, ile kubwa, kuna mtu anaitaka. Kinachobaki nitakopa. Paa tutaliezeka wenyewe, na mwaka ukiisha ukienda kulipa nitakusindikiza. Nami nimsikie."

Moyo wa Mkunga uliruka kwa furaha. Tusifiche, uliruka. Mtu amekaa na jambo lake peke yake kwa miaka, halafu anatokea mwingine anayelitaka na yeye. Kwa muda mfupi aliwaona wote wawili wamesimama dirishani, mama na mwana, wanashindana kumsimulia Mzee Rangi. Kisha akaangalia mikono ya binti yake juu ya meza, vidole vilivyochakaa kwa maji na dawa za nywele, akafikiria ile mashine. Alikumbuka jinsi binti alivyoifuta kwa upindo wa gauni siku ilipoletwa.

"Baba yako angekuwa hai kweli," akauliza, "angekubali uuze mashine kwa ajili ya miguu yake?"

"Angeuza brashi zake kwanza," akasema binti. "Halafu angejiuza mwenyewe."

"Basi nakwenda kesho," akasema Mkunga.

Alikwenda peke yake, kwa kuwa alitaka hivyo. Akiwa zahanati aliwafundisha wakunga wadogo namna ya kupeleka habari mbaya. Aliwaambia wasianze na maneno 'kwa bahati mbaya', wasizunguke, wasiseme mtu amepumzika au ametutoka kama vile amekwenda sokoni. Msogelee mtu, sema neno lenyewe, kisha baki hapo hapo. Alikuwa hodari wa kazi hiyo. Njia nzima alijikumbusha hivyo, na njia nzima miguu yake ilikuwa mizito kama ya mtu anayepelekwa polisi.

Ofisi ilikuwa na watu. Upepo ule haukuezua nyumba moja, na foleni ilikuwa ya wenye mabati, wenye madirisha, na baba mmoja aliyebeba picha za banda lake la ng'ombe kwenye bahasha. Mkunga alisimama nyuma yao. Zamu yake ilipofika, karani aliinua kichwa na uso wake ukachanua.

"Shikamoo mama! Leo si siku ya kulipa. Msiniambie na nyinyi mmepatikana. Mzee Rangi hajambo lakini?"

Mkunga alishika ukingo wa dirisha. Jibu la kila mwaka lilikuwa tayari limepanda kooni, limekaa vizuri, linasubiri kutoka. Akalimeza.

"Mwanangu," akasema, "Mzee Rangi amekufa."

Karani aliweka kalamu chini. "Lini, mama? Ni upepo? Bati limempiga?"

"Miaka sita iliyopita."

Kwenye foleni vichwa vikageuka. Karani alimtazama kama mtu anayepiga hesabu na hesabu inamkataa.

"Lakini mwaka jana alinitumia mayai," akasema.

"Mayai yalikuwa ya kweli. Kuku ni wangu."

"Na miguu?"

"Miguu nayo ni yangu."

"Ile dawa?"

"Ilinisaidia sana, mwanangu. Nilitaka kukushukuru, sikujua nianzie wapi." Sauti yake ilianza kupasuka, lakini aliisukuma mbele. "Chumvi pia nilikatazwa mimi. Yote yalikuwa yangu. Nilikudanganya, na sina la kujitetea. Uliniuliza hajambo, nikashindwa kusema hapana. Nimekuja kwa sababu paa limeezuliwa na mwenye bima hayupo wa kutia sahihi. Kama kuna kosa nimefanya, niambie."

Akangoja. Alitegemea lolote. Huenda angeitwa meneja, huenda angeambiwa kwamba malipo yote ya marehemu ni bure. Karani alivua miwani, akaifuta kwa tai yake, na ilikuwa wazi kwamba miwani haikuwa na uchafu.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema, "nilikuwa nakuulizia wewe."

Kisha akainuka, akaweka kibao cha kufunga dirisha, na baba wa banda la ng'ombe alipotaka kunung'unika mama mmoja alimkanyaga mguu. Karani akatokea kwenye mlango wa pembeni. Nje ya kioo alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana ndani. Alimshika Mkunga mkono kwa mikono yake miwili, akamkalisha kwenye benchi la wateja, akakaa naye.

"Mambo ya bima tutayaandika leo hii hii, uhesabiwe umewahi," akasema. "Utaleta cheti cha kifo, na mtafuata barua ya mirathi ili nyumba ihamie kwako. Siwezi kukuahidi, mama. Watauliza maswali, watachelewa, pengine watakata kiasi. Lakini ada ilikuwa inalipwa na nyumba ni ileile, nami nitaisukuma kwa nguvu zangu zote." Akamgeukia. "Ila hayo baadaye. Mimi sikumzika. Sikuja hata kukupa pole, na yule mzee alinipenda. Pole, mama. Pole sana. Alikufaje?"

Hapo ndipo Mkunga alipotambua kwamba swali hilo hakuwahi kuulizwa. Siku ya msiba mtaa mzima ulikuwepo, jirani ndiye aliyembeba, binti ndiye aliyemfumba macho. Wote walikuwa wameona, na aliyeona haulizi. Yeye aliyepeleka habari kwenye milango ya watu maisha yake yote hakuwa na mlango wa kupelekea ya kwake.

"Ilikuwa asubuhi," akasema. "Asubuhi ya kawaida tu. Alikuwa anapaka geti letu. Unajua mafundi, ya watu yanang'aa, ya kwao yana kutu. Nilikuwa nimemsema mwaka mzima. Siku hiyo akaamka mapema akachanganya rangi mbili kwenye makopo, akaniita nje nichague."

Watu wa foleni walikuwa wamesogea bila kujua kwamba wanasogea.

"Kwangu mimi zilikuwa rangi moja. Kijani na kijani. Lakini nilijifanya nafikiri, nikainama, nikaonyesha moja. Akacheka sana. Akasema, 'Nilijua utachukua hiyo, nimekwisha kuanza nayo.' Na kweli, nyuma ya geti alikuwa ameshapaka nusu. Nikaingia ndani kuchemsha chai. Nilipotoka na kikombe alikuwa amekaa chini, ameegemea ukuta, brashi mkononi. Nilidhani anaikagua kazi yake. Huwa anakaa hivyo. Nikasimama nimeshika chai, namsubiri ageuke."

Karani alikuwa bado ameushika mkono wake. Yule mama aliyemkanyaga mwenzake mguu alisogea hatua moja mbele, akauliza kwa upole, kana kwamba anamuuliza ndugu yake:

"Na geti, dada? Lilibaki hivyo nusu?"

"Hapana," akasema Mkunga. "Nililimalizia mwenyewe."

Na mbele ya watu wote wale, wenye mabati na wenye madirisha, akamlilia mume wake.